Bibi yupi?

Kijana wa tiketi alikishika kitambulisho changu, akakitazama, akanitazama, halafu akamwita mwenzake aliyekuwa nyuma akihesabu chenji.

"Njoo usikie hii. Victoria anapanda Victoria kuvuka Victoria."

Mwenzake akacheka. Mama aliyesimama nyuma yangu na mikungu yake miwili ya ndizi akacheka. Nami nikacheka, maana utani huu nimeuzoea tangu shule ya msingi, siku mwalimu wa jiografia alipochora ziwa ubaoni akaniita mimi nikaliandike jina, na darasa zima likavunjika mbavu. Nikalipa, nikachukua tiketi, nikapanda meli.

Juu kule nyuma upepo ulikuwa mkali. Bukoba ilishabaki taa chache. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mwenye koti zito, mapajani ana kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Alikifungua, akatoa kahawa, ile yetu ya kutafuna, akanitilia punje tatu kiganjani kabla hata salamu haijaisha. Kwetu ndiyo adabu. Mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu.

"Nilikuwa nyuma yako pale dirishani," akasema. "Jina hilo ulirithi la nani?"

"La bibi."

Akatafuna bila haraka.

"Bibi yupi? Bibi yako wewe, au yule bibi wa Waingereza?"

Nikamwambia bibi yangu, mama yake baba. Akaitikia kwa kichwa. Halafu, tumeshaipita Kemondo na mimi nimeanza kusinzia, akauliza kana kwamba mazungumzo hayakukatika:

"Na yeye je? Alilitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Alfajiri tulipoteremka Mwanza aliniaga vizuri, akaniombea safari njema, wala hakunidai. Mimi ndiye niliyelibeba swali lake kwenye basi mpaka Dar es Salaam. Wiki ya tano hii, limekaa kama ganda la kahawa kwenye jino.

Victoria wapo?

Ubaya wa kuwa na swali juu ya jina kama hili ni kwamba jina lenyewe halikupi nafasi ya kulisahau.

Wanaopanda daladala za Mwenge wananielewa. Gari likishaiacha Morocco, konda anagonga bati: "Victoria wapo?" Nimeishi Dar miaka 11 na bado kichwa hunyanyuka chenyewe. Wiki ile ya kwanza baada ya safari, mawazo yakiwa mbali, nilijikuta nimejibu "Nipo!" kwa sauti. Konda hakuwa na la kujiuliza. "Suka, Victoria shusha." Gari likasimama, watu wakanipisha, nikaona aibu kusema kwamba sishuki hapo. Nikashuka. Nikakanyaga kwa miguu mpaka Makumbusho, juani, kwa sababu ya jina.

Usiku huo nikaanza kutafuta. Nilitaka kujua tu: yule bibi mwingine ana mali kiasi gani?

Mali zake hazina idadi. Kuna maporomoko ya mto Zambezi, ambayo Livingstone aliyafikia Novemba 1855 akayapa jina la malkia wake, ilhali wenyeji walishayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. (Mswahili hahitaji mkalimani kwa neno la kwanza.) Kuna jimbo zima la Australia. Kuna mji wa Kanada, kisiwa cha matajiri kule Lagos, na mji mkuu wa Shelisheli, ulioitwa Victoria tangu 1841 na ambao katikati ya barabara zake umesimama mnara mdogo wa saa, rangi ya fedha, uliowekwa mwaka 1903 kwa kumbukumbu yake. Kuna aina ya plamu. Kuna keki ya matabaka mawili yenye jamu katikati. Kuna njiwa wa New Guinea, mkubwa kama kuku, mwenye kishungi cha buluu kama kofia ya kwendea harusini.

Na kuna ua, ambalo lilinikalisha macho mpaka saa nane usiku. Ni yungiyungi la Amazoni ambalo jani lake moja hutanda majini zaidi ya mita mbili, kingo zimekunjwa juu kama sinia, na chini yake limejaa miiba na mbavu zinazolishikilia. Ua hufunguka jioni likiwa jeupe, linanukia, linawavuta mbawakawa. Likifika asubuhi linajifunga nao humohumo ndani. Jioni ya pili linafunguka tena, limegeuka la waridi, mbawakawa wanatoka na chavua migongoni. Mwaka 1837 mtaalamu wa mimea wa Uingereza aliliita Victoria regia. Mwaka 1849 mtunza bustani Joseph Paxton akafaulu kulichanuisha kwenye nyumba ya vioo huko Chatsworth, akamsimamisha binti yake mdogo juu ya jani, likambeba.

Nikawaza: Amazoni imetupa mimea miwili ya majini yenye sifa. Mmoja umebeba jina la malkia na haujakanyaga ziwani kwetu. Mwingine ni gugumaji, na huo umejileta bila jina la mtu yeyote, ukaziba ghuba na bandari.

Lakini si hilo lililoniuma. Kilichoniuma ni orodha yenyewe ilivyokuwa ikiongezeka kwenye daftari langu: maporomoko, jimbo, mji, kisiwa, saa, plamu, keki, njiwa, ua, kituo cha daladala.

Na mimi je? Nimo humu? Kati ya keki na njiwa?

Aliyepita njia

Tulipokuwa wadogo tulikariri kwamba Speke "aligundua" Ziwa Victoria, na kila aliyekulia ufukweni alishajiuliza kimyakimya wavuvi walikuwa wanavua wapi kabla yake. Hilo tuliache, limeshasemwa sana. Mimi lililonishika ni jambo dogo zaidi: ile dakika yenyewe ya kutaja.

Ni mwanzoni mwa Agosti 1858. Burton, mkuu wa msafara wao, amebaki Kazeh, Tabora ya leo, anaumwa. Speke amekwenda kaskazini, na sasa amesimama kwenye kilima pale Mwanza, maji yametanda mbele yake. Pamoja naye yuko Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, na alipopata uhuru akarudi Afrika na jina la mji wa ng'ambo. Speke hakujua Kiswahili cha maana. Yeye na Bombay walisemezana Kihindustani. Kwa hiyo neno la mtu wa Mwanza lilipita Kiswahili, likapita Kihindustani, ndipo likafika kwenye Kiingereza cha daftarini.

Sasa litazame kundi hilo pale kilimani. Mtu mwenye jina la mji amemsindikiza mtu mwingine kwenda kulipa ziwa jina la mtu.

Na huyo mtu hakuwapo. Malkia hakuwahi kuliona ziwa hili hata siku moja. Speke mwenyewe alikaa siku chache tu akageuza, akiwa na hakika moyoni kwamba ameiona chemchemi ya Nile, na kwa haraka hiyohiyo akaacha jina. Miaka sita baadaye, Septemba 1864, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, siku moja kabla ya mjadala wake na Burton juu ya hilohilo ziwa. Naye amebaki kwenye ramani: ghuba iliyo kusini mwa Ukerewe mpaka leo ni Ghuba ya Speke. Bibi mkubwa ziwa, mjumbe ghuba. Bombay hakuachiwa hata mwalo.

Ziwa lilikuwa na majina. Waganda waliliita, na wanaliita, Nalubaale. Wajaluo wanaliita Lolwe. Wafanyabiashara wa pwani walilijua kwa jina la kisiwa, Ukerewe. Wasukuma walisema nyanza, yaani ziwa, na Speke akaliokota neno hilo akaliunganisha na la kwake, ikawa Victoria Nyanza. Kwetu Buhaya wazee walijua mwenye maji ni Mugasha. Ukienda kuvua ulikwenda kwake, na mtumbwi ukipinduka ulijua umemkosea nani. Bibi yangu alikuwa Mkatoliki wa rozari kila jioni, lakini upepo ukivuma vibaya kutoka majini alikuwa anasema taratibu kwamba mwenyewe amekasirika.

Mwenyewe. Hakusema Victoria. Bibi alilijua jina la ziwa kwenye vitabu vyetu vya shule, akaliona kichekesho kwamba analo yeye. Midomoni mwake lilikuwa ziwa basi. "Watoto wamekwenda ziwani."

Ukoo mzima majini

Rafiki yangu mmoja, mtu wa harakati, alinisikiliza nikimweleza haya akanikata: "Lakini wewe unajitesa kwa nini? Una jina lako la nyumbani. Badilisha."

Ni kweli ninalo. Kokushubira, Koku kwa ufupi, na ndilo nililoitwa hadi siku ya kuandikishwa shule. Nikapakua fomu. Nikasoma habari za kiapo, za kutangaza, za kubeba vyeti kutoka ofisi hii kwenda ile. Kwa siku nne hivi nilikuwa Kokushubira mtupu, nikijaribu saini mpya nyuma ya risiti za dukani.

Kilichonirudisha nyuma hakikuwa gharama. Ilikuwa ramani.

Ziangalie hizo familia za maji upande wetu huu. Ziwa Victoria, la malkia. Ziwa Albert, la mumewe, alilolitaja Samuel Baker mwaka 1864, Albert akiwa ameshafariki. Ziwa Edward, la mtoto wao. Ziwa George, la mjukuu, na kati ya mjukuu na baba yake umepita mfereji wa Kazinga. Mto unaotoka Jinja unaitwa Nile ya Victoria mpaka unapoingia Ziwa Albert, kisha unatoka humo ukiwa Nile ya Albert. Mjane anamtiririkia marehemu mumewe, usiku na mchana, kilomita mamia, kupita vijiji visivyojua habari zao.

Miaka ya sabini wakubwa wawili waliamua imetosha. Ziwa Albert likawa Ziwa Mobutu Sese Seko. Ziwa Edward likawa Ziwa Idi Amin Dada. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu sebuleni. Kumbe dawa ya jina la mtu ilikuwa jina la mtu mwingine! Walipoondoka wao na majina yakaondoka, Albert na Edward wakarudi, na samaki hawakupewa taarifa.

Si kwamba kubadili jina hakufai. Kameruni walikuwa na mji wa Victoria, ulioanzishwa na mmisionari mwaka uleule wa 1858. Tangu 1982 unaitwa Limbe na umetulia. Jinja kituo cha umeme cha zamani kilichokuwa Owen Falls sasa ni Nalubaale, na jina limekaa vizuri kabisa mahali pake. Nairobi ilikuwa na Victoria Street. Ikavuliwa jina hilo ikapewa la Tom Mboya, aliyepigwa risasi jijini Julai 1969 na akazikwa Rusinga. Rusinga iko wapi? Ndani ya ziwa. Jina la malkia liliondolewa barabarani ili kumpisha mtu aliyelala katikati ya maji yenye jina lake. Sijui nilifanyie nini jambo hilo. Nimelifikiria mara nyingi na kila mara linaniacha nimekaa tu.

Kwa ziwa lenyewe, kila ukisikia hoja ya kulirudishia jina la kwanza, swali linafuata mlangoni: lipi? Nalubaale mtu wa Kisumu atalikubali? Lolwe litasemwaje Geita? Victoria limedumu kwa sababu hakuna kati yetu anayeweza kumwambia mwenzake "ni letu hili". Limekaa kama mali ya mgeni aliyesafiri, hakuna wa kuigusa.

Jina la mtu lakini si ziwa. Ziwa lilitajwa na aliyepita njia. Mimi nilitajwa na baba, kwa heshima ya mama yake, asubuhi ya siku ya tatu, bibi akiwa amenishika. Fomu ile nikiisaini simvui malkia kitu. Yeye hana habari nami. Ninayemvua ni bibi.

Nikaifuta kwenye simu. Swali la mzee likabaki palepale.

Binti aliyeitwa Drina

Basi nikamfuata malkia mwenyewe. Kama jina ni lake, nione hati.

Na hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Alizaliwa 24 Mei 1819, Kensington, London. Mwezi mmoja baadaye wazazi wakampeleka kubatizwa, wameandaa majina ya heshima ya ukoo, Georgiana, Charlotte, Augusta. Baba mdogo wa mtu anaweza kuharibu sherehe popote duniani, ila huyu alikuwa baba mkubwa, na ndiye aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mfalme. Akayakataa majina yote palepale, mbele ya askofu aliyemshika mtoto anasubiri. Aitwe Alexandrina, akasema, kwa heshima ya kaizari wa Urusi aliyekuwa baba wa ubatizo. Na la pili? Mpeni la mama yake basi, lakini lisitangulie la kaizari. Mama alikuwa Mjerumani, jina lake Victoria. Alisimama pale akilia.

Utotoni walimwita Drina. Victoria kwa Waingereza wa wakati ule lilikuwa jina geni, la nje, lisilosikika vizuri sikioni. Alipokuwa ameshajulikana kuwa mrithi wa kiti walikuwapo wakubwa waliotaka abadilishwe, aitwe Charlotte au Elizabeth. Hakubadilishwa. Asubuhi ya 20 Juni 1837, ana miaka 18, nyaraka za kumtangaza ziliandikwa Alexandrina Victoria. Yeye akatia saini neno moja. Victoria.

Yaani la mama.

Nilisoma hapo nikarudi kusoma tena. Mwanamke ambaye jina lake limebandikwa kwenye maji, keki na njiwa wa dunia nzima alikuwa amelirithi kwa mama yake, kwa shida, likaitwa la kigeni, likatakiwa kufutwa, akalishika. Simpendi zaidi kwa sababu hiyo. Mambo yaliyofanywa chini ya jina lake huku kwetu yanajulikana. Ila kwa mara ya kwanza nilimwona na yeye amesimama kwenye foleni ya tiketi, nyuma ya mtu fulani.

Na foleni ni ndefu. Mwaka 1850 mtaalamu wa nyota John Russell Hind aliigundua asteroidi akiwa London, ya 12 katika hesabu yao, akaiita Victoria. Wamarekani wakaja juu: utaratibu ni majina ya miungu ya kale, si ya wafalme walio hai. Jarida lao likawa linaiita Clio. Hind akajitetea kwamba Victoria ni mungu wa kike wa Roma, mungu wa ushindi, alikuwapo kabla ya malkia yeyote. Ujanja? Bila shaka. Lakini alikuwa anasema kweli. Neno lenyewe ni "ushindi" tu kwa Kilatini. Ningezaliwa pwani pengine ningeitwa Nasra na nisingeandika makala hii.

Moja au saba

Nikampigia shangazi, mdogo wake baba, anayekaa kwenye boma la bibi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Koku. Umekula?"

Hakuelewa mara moja ninachotaka, au alielewa akaona si cha kumtoa jikoni. Siku mbili baadaye ikaingia picha kwenye WhatsApp: cheti cha ubatizo cha bibi, kilikuwa ndani ya kitabu cha sala. Karatasi imegeuka rangi ya chai, kona moja imeliwa na mende. Jina: Victoria. Mwezi: Februari. Tarehe ni tarakimu mbili. Ya kwanza ni 1. Ya pili ni 1 au ni 7. Mwandiko ni wa padri wa Kizungu, ile moja yao yenye mkia unaoshuka kushoto, na wino umefifia mahali hasa ulipohitajika.

Niliikuza ile picha mpaka ikawa vumbi.

Kama ni 11, hadithi inakwenda mbali. Mapadri wa kwetu walikuwa wale wa kanzu nyeupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Lavigerie, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Karthago pia. Kanzu zenyewe walizitoa kule, kwenye mavazi ya watu wa Afrika Kaskazini. Na Karthago walikuwa na Victoria wao. Mwaka 304, Kaisari Diokletiano akiwa amepiga marufuku mikusanyiko ya Wakristo, watu 49 wa mji wa Abitina, katika Tunisia ya leo, walikamatwa wakisali Jumapili nyumbani kwa mwenzao, wakapelekwa Karthago kuhukumiwa. Mmoja wao alikuwa msichana Victoria. Wazazi walikuwa wamemtafutia mume. Yeye, inasimuliwa, siku ya harusi aliruka dirishani akakimbilia kanisani. Kaka yake alikuja mahakamani kumtetea, akadai dada yake amerubuniwa, akili si zake. Msichana akamkatalia mbele ya hakimu: akili ni zangu.

Katika kalenda ya zamani ya mashahidi, ambamo padri angeweza kumchukulia jina mtoto anayembatiza, siku ya hao watu ilikuwa 11 Februari.

Mwafrika! Niliamka nikazunguka chumbani. Nilitaka sana iwe moja. Nilimtaka huyo msichana wa dirishani awe mwanzo wa jina letu, lipite jangwani kwenye mfuko wa padri, lifike Kagera bila kugusa London.

Ila nilipotulia nikaona ninavyojidanganya kwa raha. Ikiwa ni 17, hakuna Karthago. Na hata ikiwa ni 11, wale mapadri wenyewe eneo lao lote la kazi liliitwa kwenye barua zao Victoria Nyanza. Padri aliyekuwa akiliandika jina hilo kila alipomwandikia mkubwa wake, akiletewa mtoto wa kike na baba asiye na jina tayari, si lazima afungue kalenda. Pengine liko kwenye bahasha mezani. Basi malkia akawa amepita kwenye ziwa, ziwa likapita kwenye bahasha, bahasha ikampata bibi.

Wino haukunijibu. Nikampigia shangazi tena.

Vikitolia

"Wewe unauliza Victoria," shangazi akasema. Nyuma yake nilisikia sufuria na jogoo. "Nani alimwita mama Victoria?"

"Si ndilo jina lake?"

"La kanisani. Padri akiliita hivyo mama alikuwa hageuki. Unamgusa begani: mama, unaitwa wewe. Jina lake lilikuwa Vikitolia. Ma Vikitolia. Hata wewe baba yako alivyokutaja siku ile hakusema hilo la kwenye karatasi. Alisema Vikitolia, na mama akakupokea, akasema, haya, mwenzangu amefika."

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikalisikia hapohapo, kwa sauti ya majirani, kutoka upande wa migomba: Ma Vikitolia, umeamkaje? Silabi tano, zimenyooshwa ili ulimi wa Kihaya upate pa kukanyaga. Bibi kakaa kwenye jamvi anabangua maharage, miguu ameinyoosha, anaitikia bila kuinua macho.

Nililitafuta kwenye ramani. Hakuna mto, hakuna ua, hakuna kituo cha daladala.

Juma lililopita nilikwenda nyumbani kwa msiba wa jirani, na kurudi nikapita tena bandarini Bukoba. Kijana alikuwa yuleyule. Akanikumbuka, akaanza kutabasamu kabla sijafika dirishani.

"Victoria tena?"

"Leo andika Vikitolia."

"Unaliandikaje hilo?"

Nikamtajia herufi moja moja. Akaandika mbili za kwanza, akasita, akakichukua kitambulisho changu akakilinganisha na alichoandika. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni na mtu alishaanza kulalamika.

"Dada, hapa pameandikwa Victoria. Abiria na kitambulisho lazima vilingane, hata mimi wananibana."

"Haya," nikasema. "Andika Victoria."